Glasi ya Kwanza Niliiinua Mimi

Bombambili, Songea
Jumatatu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii, anayokuletea kaka Aidani, itakukuta na nguvu, na kwamba goti limepungua maumivu tangu umalize kuvuna. Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu Alhamisi nina jambo la kukuambia. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungenikatiza nami ningenyamaza, kama kawaida yangu.

Unajua mimi ni karani katika kiwanda kidogo cha bia cha Bwana Leonce. Nilipopata kazi uliniuliza mara tatu kama nitaishia kwenye karatasi tu, nikakuapia kwamba pombe haitagusa midomo yangu. Ulisema umepika pombe ya komoni miaka kumi na tisa, macho yakaharibika kwa moshi, ili mimi nishike kalamu. Sijasahau.

Alhamisi Bwana Leonce aliwaalika wenye baa saba waonje bia mpya. Ni nyeusi tititi, ya namna ya Ireland, wenyewe wanaiita stauti. Hupikwa kwa shayiri iliyokaangwa mpaka ikafanana na buni zilizokaangwa. Alikuwa ametuambia wazi kwamba wageni wakiikataa atafunga kiwanda, sisi watano turudi makwetu. Mpishi wetu, Kajetani, alimimina kwa ustadi, povu likakaa juu kama mtindi. Kisha akarudi nyuma, mikono mgongoni.

Hakuna aliyegusa. Mzee Polikarp, mmoja wa wenye baa, aliuliza kama hiyo ni bia au oili chafu ya trekta. Mama Lidwina wa Matogoro akamwambia aanze yeye, kwa kuwa hana mke wa kumlilia. Wakacheka, lakini glasi zikabaki mezani. Bwana Leonce akaanza kueleza habari za Ireland huku jasho likimtoka. Alidhani wanaogopa rangi. Mimi niliona kilichokosekana, Mama. Mpishi hakuwa ameonja. Kwako, nani angepokea kopo kabla hujanywa wewe mbele yake kuonyesha ni salama?

Nilimnong'oneza Kajetani. Akasema chuoni walikatazwa kunywa mbele ya wageni. Basi niliweka kalamu chini, nikawaamkia wakubwa, nikainua glasi, nikanywa.

Ni chungu. Ina ladha ya kahawa ya Mbinga na ukoko wa ugali ulioungua kidogo, kisha inakauka mdomoni bila kuacha utamu, mpaka unataka funda jingine. Nikawaambia hivyohivyo. Mzee Polikarp akasema karani bado amesimama, naye akanywa. Wakanywa wote. Sita wameagiza.

Kiapo changu nimekivunja, Mama, na sitasema ni kwa ajili ya kazi za watu watano tu. Glasi ile niliimaliza. Nilitambua pia kwamba shayiri ilizidishiwa moto kidogo, na Kajetani akakiri. Ujuzi huo sikuupata shuleni, niliupata jikoni kwako. Bwana Leonce ameniomba nijifunze upishi, nami nimekubali kabla ya kukuuliza, kwa kuwa niliogopa jibu lako.

Jumamosi nakuja Maposeni na chupa moja. Ukinigombeza nitasikiliza. Nitamimina vikombe viwili, changu nitakinywa kwanza mbele yako. Chako ukikiacha mezani nitaelewa, lakini Jumatatu nitakuwa kwenye mapipa.

Mfikishie Bibi Benigna shikamoo yangu, na jirani Otilia umwambie mbegu zake nimezipata.

Mwanao anayekuogopa na kukupenda,
Oliva