Mama Mkwe Anatoboa Vizibo

Mshauri mpendwa,

Nisaidie kabla sijaoka keki nyingine. Mimi ni muuguzi katika hospitali ndogo huku ughaibuni, Jutland, na Tove aliyenifundisha kazi ndiye pia mama mkwe wangu, mtu mwema, mwepesi wa mikono, ila dawa ya kichupa anaivuta kwa ile sindano nene ya rangi ya waridi kwa kuwa eti inavuta haraka, na anaishindilia wima kwenye kizibo cha mpira kama anatoboa kopo la maziwa, basi sindano inaumega mpira, kichembe cha kijivu kinadondokea ndani ya dawa, kidogo kama ufuta, naye hakioni kwa sababu miwani anaiacha kwenye gari asionekane mzee.

Ninayekiona ni mimi, na badala ya kusema najifanya nimejikwaa, kichupa chini, paa, tunafungua kingine navuta mwenyewe. Sasa wodini kwetu anayeharibu kitu huleta keki, na tangu Pasaka nimeoka kumi na moja. Juzi Preben wa zamu ya asubuhi ananiuliza, "Vipi, wiki hii hujavunja kitu? Kahawa tumeshachemsha!" Tove akadakia, "Mwacheni mkwe wangu, mikono ya siagi hiyo, kila kitu kinamteleza, mwanangu anakula vizuri!" Mkuu wa wodi ameniita nikamwone Alhamisi, anadhani nina ugonjwa wa kutetemeka. Nikisema namwaibisha Tove, nikinyamaza naondolewa kwenye kazi ya kuchoma sindano. Nifanyeje?

Mikono ya Siagi

Mikono ya Siagi,

Nimecheka mpaka nikamwaga chai, halafu nikaacha kucheka. Pole, mama mkwe kazini na mama mkwe mezani ni mzigo. Lakini usinidanganye kwamba unamlinda Tove. Unaulinda mlo wako wa Jumapili mezani kwake.

Leo hii mwite chumba cha dawa, mfunge mlango. Usimzungushe. Mwambie, "Tove, vaa miwani," kisha mwonyeshe kichupa alichomega mpira wake, kwenye mwanga. Atanuna. Mwache anune huku mikono inajifunza: sindano nyembamba, au ile butu yenye chujio mnayowekewa na hamuigusi. Kama ni ya ncha kali, tundu la ncha litazame juu, sindano ilale mshazari inapogusa mpira, aisukume taratibu huku akiiinua mpaka isimame. Asirudie kuchoma palepale. Na kabla dawa haijamfikia mtu, kichupa na bomba la sindano viinuliwe kwenye mwanga, kila mara, hata kama anayevuta ni wewe. Mkiona kichembe, tupeni vyote viwili na muandike ripoti. Kuangusha sakafuni si ripoti, mama. Ni maigizo, tena ya vipande vya chupa vinavyokata miguu ya watu.

Alhamisi usiende peke yako. Nenda na Tove, mumweleze mkuu habari ya vichupa vyote kumi na moja. Asipokubali kuja, nenda hivyohivyo ukaseme.

Na uchukue ratiba yako ya zamu, uweke alama siku zote ulizokuwa mapumzikoni tangu Pasaka. Siku hizo Tove alivuta dawa, na hapakuwa na mtu wa kujikwaa. Mpe mkuu karatasi hiyo kwanza, kabla hujafungua mdomo kujitetea, ili wagonjwa waliochomwa dawa siku hizo watafutwe.