Mpathani Aliyemliza Baba

Baba,

Shikamoo. Najua wa kuniitikia hayupo, lakini ulimi wangu haujui kukuanza vyengine.

Tangu tulipokuzika hapa Ibra, nyumba imenyamaza. Kaka Nassor kapata kazi Maskati, huja Alhamisi tu. Mama bado hunong'ona akipita mlangoni kwako, kama kwamba umelala. Na Gul Khan, yule fundi wa Kipathani aliyetujengea ukuta wa shamba, bado anakuja kila alasiri. Mimi ndiye ninayemfungulia. Sipendi kumfungulia.

Namuonea wivu tangu siku ile barazani. Nilikuwa nawamiminia kahawa, naye anahadithia kwa Kiarabu chake cha kuvunjika: ujana wake kwao Upathani, milimani ng'ambo ya bahari, walivyoapa wasimpige Mwingereza aliyewatawala hata wakipigwa, wakavaa mashati mekundu. Askari wakawapiga virungu, wakawavua nguo, wakawatosa mtoni wakati wa baridi. Nduguye akafia humo.

"Bunduki ilikuwako nyumbani," alisema. "Sikuigusa."

Ukamuuliza, "Hawakukwita mwoga?"

"Waliniita. Mama yangu ndiye wa mwanzo."

Ukalia, Baba. Nilikuwa sijapata kukuona ukilia maishani mwangu. Nikabeba birika nikaenda jikoni, nikajiuliza: huyu mtu kampa nini baba yangu?

Akaja kunambia mwenyewe, kwenye matanga yako, yale uliyomwambia nilipokuwa jikoni. Kwamba Ami Salum, nduguyo, aliuliwa Unguja siku za mapinduzi, mbele ya macho yako. Kwamba muuaji ulimjua, mlisoma chuo kimoja cha Kurani, na siku moja ulimkuta peke yake, jambia unalo kiunoni, ukamwacha akapita. Jamaa wakakucheka miaka yote. Gul ndiye aliyekwambia, "Mkono uliozuiwa usiue, nao pia ni mkono wa mwanamume." Toka siku hiyo, anasema, ukapata usingizi uliokukimbia miaka yote.

Mimi nilikupikia. Nilikukanda miguu, nikakusomea Yasini. Usingizi kakupa yeye.

Mbona hukunambia mimi? Ningekwambia maneno yale yale, tena kwa Kiswahili chetu. Labda nisingeyajua. Lakini ungenijaribu, Baba.

Buriani. Mola akupanulie kaburi lako. Wivu bado ninao, sikufichi. Ila mwanangu Salum, uliyempa jina wewe, siku akiuliza jina hilo ni la nani, hatangoja kuambiwa na mtu wa mbali. Nitamkalisha nimwambie yote kwa mdomo wangu, hata yale uliyoninyima.

Bintiyo,
Zuwena