Tundu la Kumi na Mbili

4 Februari
Mdogo wangu,
Salamu nyingi. Hapa wote wazima isipokuwa mimi, maana umeniudhi. Vijana wa ofisi yako ya kuzuia maporomoko wamefunga wavu wa chuma chini ya mlima, wakala mita mbili za uwanja wangu. Binti yangu anaolewa hapo Aprili. Wageni mia na hamsini watakaa kichwani kwangu? Na ukuta wangu wa kuuzuia mlima umekosa nini? Tani arobaini za mawe, na hakuna aliyenishikia hata ndoo. Miaka ishirini haujatikisika.
Kaka yako

11 Februari
Kaka,
Shikamoo. Natumaini hasira haijapandisha presha. Ukuta ni mzuri, ila mvua ya sasa siyo uliyoujengea. Maji yaliyokuwa yakishuka kwa wiki nzima, siku hizi yanashuka alasiri moja. Mlima ukivimbiwa, unatapika. Vijana wanasema umeziba matundu ya kutolea maji ukutani. Kwa nini?
Mdogo wako

15 Februari
Mdogo wangu,
Presha haijambo, inakusalimu. Nimeyaziba kwa sababu yanavuja tope, nami nimeshapaka chokaa. Fundi gani ataacha ukuta wake utokwe kamasi mbele ya wakwe?
Kaka yako

18 Februari
Kaka,
Shikamoo. Afadhali utokwe kamasi kuliko uwaangukie wakwe miguuni. Zibua yote. Kipimo cha mvua walichokifunga uani kikifika milimita themanini, hameni, bibi harusi na mapazia yake.
Mdogo wako

29 Aprili
Mdogo wangu,
Habari za zamu? Barabara ikifunguka utapata barua hii. Sisi wazima, hakuna hata aliyekwaruzwa.

Asubuhi ya harusi kipimo kilisoma themanini na tatu. Tukahamia shuleni, na mlima ukashuka tukiwa huko. Binti yako ameolewa darasani, bwana harusi amekalia dawati la watoto, magoti yanagusa kidevu. Wakwe wamecheka mpaka wamelia. Bibi harusi anauliza, wewe shangazi yake una haki gani ya kukosa harusi?

Wavu umedaka kama lori tatu za udongo. Matundu kumi na moja niliyazibua. La kumi na mbili, nyuma ya viti vya wakwe, nililiacha na chokaa yake. Hapo tu ndipo ukuta umebenuka.

Mita zangu mbili bado nazidai. Lakini walete vijana waondoe udongo, wavu umejaa na mvua haijaisha. La kumi na mbili nimelizibua leo. Linatokwa kamasi vizuri sana.
Kaka yako