Usitazame Juu ya Fungu

Iringa, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Najua utasema halijambo huku umelishika, kwa hiyo ukweli ataniandikia Riziki, maana ndiye anayekusomea. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenivisha soksi mpaka kitandani, na mgebuka, samaki wa ziwa letu, nauota tu.

Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho, ndiyo maana naandika. Riziki amechaguliwa na vyuo viwili kusomea shahada ya uuguzi, na Ijumaa ya wiki ijayo lazima athibitishe kimoja. Wewe umeshaitangazia Bangwe nzima kwamba mdogo wangu anakwenda palepale niliposoma mimi. Ulinituma nikaangalie bweni tu. Nimeangalia zaidi ya bweni, Mama, na vyuo vyote viwili.

Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba dagaa hawanunuliwi kwa macho. Juu ya fungu muuzaji huweka wale safi waliokaushwa juu ya chanja, si mchangani. Mnunuzi anayejua hutia mkono chini kabisa, aone kama utatoka na mchanga. Basi nilitia mkono.

Chuo changu kimepakwa rangi mpya, na getini kuna maua. Nikaomba kuona chumba cha mazoezi. Yule mwanasesere mkubwa wa kujifunzia kuzalisha bado yumo ndani ya nailoni yake, ileile tuliyokatazwa kuifungua. Nikamuuliza binti wa mwaka wa tatu ameshazalisha akina mama wangapi.

"Bado, dada. Wodini tutapelekwa mwaka wa mwisho."

Nasi tuliambiwa hivyohivyo, na mwaka huo ulipofika tukaishia kutazama kwa mbali.

Kile cha pili bati zimepauka, maktaba ndogo, na bweni liko mbali kama kutoka kwetu hadi Rusimbi kwa miguu. Nilitaka kugeuza. Lakini binti wa mwaka wa tatu niliyemkuta akitoka wodini alichomoa daftari mfukoni. Kila mzazi aliyemhudumia ameandikwa, na mkunga amesaini pembeni.

"Huyu alitutoa jasho, dada," akasema, akacheka.

Sasa nikwambie nililokuficha. Siku yangu ya kwanza kazini wodi ya wazazi, shahada ninayo, mama mmoja alifikia kusukuma mbele yangu nami nikaganda. Sikuwa nimewahi kumzalisha mtu. Mhudumu wa wodi, mama wa makamo, alinishika mikono akaipeleka inapotakiwa. "Pokea kichwa, mwanangu. Usivute." Mtoto alilia, nami nikalia. Jioni nikakupigia simu nikasema kazi ni nyepesi. Ulipiga vigelegele, nikaona aibu kukurekebisha. Nisamehe.

Picha yangu ya mahafali mbele ya lile geti usiishushe ukutani. Umekausha dagaa miaka mingi juani ili nipigwe picha ile, na naipenda. Ila Riziki aende kwenye bati zilizopauka. Majirani wakiuliza, sema Zawadi ndiye aliyekataa.

Nisalimie Bibi kule Buzebazeba, na Mjomba fundi mitumbwi. Mwambie namkumbuka kwa utani wake wote.

Na wewe Riziki, nakujua. Pale nilipokiri kuganda umeparuka, ili Mama asiumie. Rudi juu, mdogo wangu, umsomee.

Binti yako anayekupenda,
Zawadi