Mkwe Wangu, Mionzi na Kile Kiputo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama kucheka ni lazima, cheka kwanza umalize ndipo uendelee kusoma, maana mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, fundi wa kuchomelea mageti, na mwaka huu nilitolewa tezi dume kwa ajili ya saratani, upasuaji ukaenda vizuri, nikarudi karakana, halafu vipimo vya damu vikaonyesha bado kuna mabaki, daktari akasema nianze mionzi, nikaitikia sawa, mionzi si haionekani wala haiumi, nitalala pale kama abiria. Kumbe kuna mengine aliyonieleza nikaitikia bila kusikia. Siku ya kwanza naambiwa nimalize haja kubwa, ninywe maji kibofu kijae, nilale ubavu, kisha wataingiza kwa nyuma kiputo kilichopakwa mafuta, wakijaze maji, kiushike utumbo usitikisike mashine inapofanya kazi. Nikajipa moyo kwamba hapa hakuna anayenijua. Mlango ukafunguka, na aliyeingia amevaa glavu ni mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza! Nilijua anafanya kazi hospitali ile, lakini nilidhani ni upande wa picha za kifua.

"Shikamoo baba," akasema, anatazama sakafu.

"Marahaba," nikasema, natazama ukuta, gauni liko wazi nyuma.

"Baba, ni dakika chache tu. Ukipenda, namwita mwenzangu..."

Sikungoja amalize. Nilishuka, nikavuta suruali, nikatoka viatu viko mkononi. Nyumbani nikamwambia mama watoto kwamba mashine imeharibika, na tangu hapo kila asubuhi naaga naenda hospitali kuulizia, kumbe nakaa kwa kinyozi nasoma magazeti, naye mke wangu anaiombea hiyo mashine ipone, jana akaniuliza, "Kwani haina fundi? Si uende na mtambo wako uichomelee?" Sasa Jumapili binti na mume wake wanakuja kula, na mke wangu ameapa kumuuliza mkwe mwenyewe. Mshauri, nihame hospitali, niombe mionzi bila kiputo, au niache kabisa, kwani najisikia mzima?

Fundi Mageti

---

Fundi Mageti, pole. Nimecheka kama ulivyoruhusu, na nimemaliza. Barua yako isingeweza kungoja siku ya gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu Ijumaa. Wengine nao wasikie niliyokwambia, maana hiki kiputo kimekimbiwa na wengi.

Kabla ya kukupigia nilimuuliza daktari wa mionzi. Palipokuwa na tezi, utumbo uko nyuma yake tu. Leo umejaa gesi, kesho mtupu, na kila ukibadilika unasogeza mahali panapolengwa. Kiputo kinaushikilia, mionzi ipige inapotakiwa na utumbo uumie kidogo. Si kila hospitali hukitumia, lakini mpango wako umepimwa nacho, na wewe si wa kuufuta. Nilikuuliza: unakata chuma kabla ya kukibana kwenye jiliwa? Ukaanza kukohoa.

Na hilo la kujisikia mzima, hebu niondolee. Ulijisikia mzima hata kabla ya upasuaji.

Halafu wewe mzee! Kijana alikuwa anakuambia atamwita mwenzake, na wewe tayari uko kwenye ngazi. Ungesubiri sentensi moja iishe, kinyozi asingekuzoea hivyo.

Jumamosi ulimwambia mkeo. Umeniambia alicheka, akalia, kisha akakasirika juu ya yale maombi, na hapo nipo upande wake kabisa. Ukampigia mkwe wako. Akakuambia, "Baba, nilikuwa nangoja simu yako. Daktari anakutafuta, na sijamwambia mtu, hata binti yako." Kumbe wakati wewe unajificha, yeye alikuwa anakusitiri. Jumatatu akakuhudumia mwenzake, naye akabaki chumba cha mashine. Jioni ukanitumia ujumbe: "Kimeingia. Ni kama kubanwa na haja ambayo haipo. Basi." Mambo ndiyo hayo tu, baba.

Sasa nisikilize. Usikose siku hata moja tena, na zile ulizokosa mwachie daktari azipange. Kula na kunywa kama ulivyoelekezwa. Ukiona damu au maumivu, sema siku hiyohiyo, usimwambie kinyozi. Mke wako aende nawe. Hatadanganywa mara mbili. Na ukikutana na mkwe wako koridoni, simama umshike mkono. Wagonjwa anao wengi. Baba mkwe anaye mmoja, na anataka uishi.