Wateja Wako Bado Wanakuulizia

Nyar Asembo, mke mwenzangu, mkubwa wangu,

Mjukuu wako Akoth ndiye anaandika. Mimi naongea tu, maana unajua mkono wangu na kalamu havijawahi kusalimiana. Naongea Kijaluo, yeye anaweka Kiswahili, kwa sababu Kijaluo cha kuandika kinamshinda, na hiyo ni aibu ya baba yake aliyemlea mjini. Nimemwambia asipunguze neno. Hata hilo la baba yake.

Nilitaka nianze na salamu mpaka za kuku wako. Akoth akanikatiza. Ati huko chuoni Bondo, kwa hiyo digrii yake ya biashara, wamefundishwa kwamba barua ya kikazi inasema juu kabisa mtu anataka nini, ili anayesoma asichoke. Nikamuuliza, na aliyekufa huchoka? Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini neno lenyewe limeniingia. Basi haya: nataka ruhusa yako niwauzie wateja wako omena, hao dagaa wetu wa ziwani.

Tulia kwanza. Usinipigie kelele huko.

Tangu tukuzike natandika gunia letu pale Kisian kando ya barabara kama kawaida. Omena ikifika kutoka kwenu Asembo naigawa mafungu mawili, rundo langu kulia, rundo lako kushoto, vile mzee wetu alivyotuzoesha: kinachoingia nyumba ndogo kiingie na nyumba kubwa. Mteja wako akija namwambia, "Wewe ni wa Nyar Asembo, omena yako ni ile." Anatazama rundo, anatazama gorogoro yako, mkebe wako wa kupimia, imelala juu yake, anasema atarudi. Harudi. Na mimi kumpimia kutoka kwangu, hapana! Mwizi wa wateja ni mwizi tu. Ulinimwagia maji ya samaki kwa sababu ya yule mwalimu aliyenunua kwangu mara moja. Mara moja tu, Nyar Asembo, na kwako ilikuwa imeisha.

Halafu hata wangu wakaanza kupita kama hawanioni. Nikawatukana wale wamama wapya wa ng'ambo ya barabara, nikasema wameniroga. Jioni nazoa marundo yote mawili narudisha kwa gunia.

Ndipo Akoth akaja na wenzake watatu, viatu vinang'aa. Wametumwa na mwalimu wao watafute biashara ndogo inayoyumba, waulize wateja sababu, kisha wasimame mbele ya darasa waeleze. Unakumbuka ulivyosema alipopata hiyo nafasi? "Wanaenda kumfundisha samaki kuogelea." Tukacheka sisi wawili, siku hiyo tukasahau kugombana.

Mkubwa wangu, nilikaa nikawatazama, na bado nashangaa. Nakuambia wana njia ya kuuliza. Mmoja wao anauliza swali moja, dogo, halafu ananyamaza. Ukimaliza kujibu, bado amenyamaza, anakutazama vizuri tu. Basi wewe mwenyewe unaona aibu, unaongeza, na huko kwa nyongeza ndiko ukweli uko. Mimi na wewe tulikuwa tunauliza tukijijibu. Nani alikaa chini akagundua hiyo? Tena kuna somo zima la kufanya kazi na mtu usiyempenda. Nikamwambia Akoth, hilo nimelisoma na nyanya yako kwa boma moja, cheti changu kiko wapi?

Basi wakamuuliza Mama Njoki, yule wa Nyeri mwenye hoteli pale stendi, anayenunua omena akiziba pua. Akajibu, wakanyamaza, akaongeza: "Mimi siwezi kuguza kitu ya mtu amekufa. Na nikinunua ile ingine, huyu mama ataona nimemsahau mwenzake. Afadhali nipite." Na wengine, hata wale wangu, wakasema rundo la marehemu linawatisha.

Akoth aliniletea hayo akiwa ameketi karibu nami. Akataja kwanza kilicho kizuri, kwamba omena yangu haina mchanga, halafu ndipo akatoa mwiba. Hata hilo wamefundishwa. Nilimfokea. Kisha nikalia. Ndiyo, nililia; andika, Akoth.

Nikamuuliza, mwenye biashara akifa, hiyo kozi yenu inasema wateja wanarithiwa na nani? Mjane tunajua anarithiwa vipi. Wateja je? Akalibeba swali mpaka kwa mwalimu wake, akarudi na jibu: mteja si wa mtu, anakwenda anapotunzwa. Nikasema, huyo mwalimu hajawahi kuwa na mke mwenza.

Lakini sikulala vizuri na jibu lake. Nilijiuliza, kama mteja anakwenda anapotunzwa, wako ninawatunza wapi? Nawaonyesha rundo la marehemu, nawafukuza, halafu najisifu siibi. Na wewe ulihangaika nao miaka yote, kwa jua na kwa matusi, kumbe ni ili nije niwatawanye?

Kwa hiyo jana, Nyar Asembo, nilimwaga rundo lako juu ya langu. Likawa rundo moja kubwa, sijui hata kulitazama. Mama Njoki akawa anapita. Nikaita, "Wewe mteja wa Nyar Asembo, njoo hapa!" Alikuja mbio. Nikapima na gorogoro yako, si yangu. Akasema, "Yeye alikuwa ananiongezea konzi mbili." Nikamwambia, "Mwongo wewe! Nyar Asembo hakumwongezea hata askofu." Tukacheka mpaka watu wakageuka. Nikamwongezea moja.

Ruhusa nimeichukua kabla hujajibu, najua. Jumatatu Akoth anasimama mbele ya darasa lake, na alitaka aseme mwenye biashara ameamua nini. Sasa aseme.

Nakuahidi hivi: kila mteja wako nitamwita kwa jina lako kabla sijampimia. Na siku omena ikiwa na mchanga, nitasema ni ya upande wako.

Oriti, kwaheri, mkubwa wangu. Lala. Gunia limekuwa kimya, na mimi sijazoea kuuza bila kugombana.