Shuka Nyeupe Uani kwa Bi Mwanatatu

Seoul, 2 Juni

Mama yangu, shikamoo. Mimi mzima, ila kila nikipiga simu nikamsikia Jalila anakohoa, chakula hakishuki. Daktari kasema ni moshi. Moshi wa wapi? Kifua cha mwanangu kisipopoa, naacha kazi ya hoteli narudi Likoni.

Juzi nilikwenda kuona kasri la wafalme wa zamani wa huku Korea. Mna nguzo ya jiwe, juu ina tundu. Humo walichomeka mti wenye kitambaa, maafisa wakatazama chapepea kuelekea wapi, wakajua upepo watoka wapi. Kumbe hata mfalme alihitaji kitambaa! Nikakukumbuka unavyolaumu moshi wa viwanda vya ng'ambo ya kivuko, Changamwe. Hebu jaribu nawe kitambaa, tujue moshi watoka wapi.

Mwanao, Nadira

Likoni, 8 Juni

Marahaba mwanangu. Hatujambo, kasoro hicho kikohozi. Wafalme hao hawakuwa na kazi? Lakini hamu ilinishika, nikafunga kipande cha shuka nyeupe juu ya boriti, nikaisimamisha uani.

Nimejitia matatani! Asubuhi nafungua mlango, mwanamke simjui kakaa barazani na kuku mwekundu, ataka nimpunge mumewe pepo. Umesahau kwetu kitambaa juu ya mti ni nyumba ya mganga? Mimi, mganga! Ustadh Hassan wa madrasa ya jirani ameleta salamu: atakuja kukiteremsha mwenyewe.

Hilo jiwe lao lina kimo gani?

Mamako

Seoul, 9 Juni

Shikamoo Mama. Nimecheka hadi wenzangu wakauliza kuna nini. Jiwe lanipita kimo. Wallahi mambo ya waganga sikuyakumbuka! Lakini usikiteremshe bado. Jalila akianza kukohoa, chaelekea wapi?

Mwanao, Nadira

Seoul, 20 Juni

Shikamoo Mama. Mbona kimya? Simu haishikwi. Kesho namwambia bosi naondoka.

Nadira

Likoni, 21 Juni

Marahaba. Usimwambie kitu! Simu iliingia maji, hii ni ya jirani.

Ustadh alikuja baada ya Alasiri na hasira zake. "Bi Mwanatatu, umri huu ndio waanza ushirikina?" Nikamwambia, "Kiteremshe, Ustadh, lakini kaa kwanza unywe kahawa." Kahawa haijapoa, Jalila kaanza kukohoa, na Ustadh naye kaanza. Kitambaa kimenyooka kuelekea Changamwe. Upepo watoka kwake yeye, kwenye shimo nyuma ya madrasa wanakochoma taka! Na mimi miaka yote nawalaani watu wa viwandani bure, astaghafirullah.

Ustadh alikitazama kitambaa, akatazama madrasa yake, akajifuta macho kwa kilemba. Kesho yake shimo kalifukia, na taka sasa zangojea gari. Kitambaa kakiacha. Jana kapita kuniuliza, ati hao wafalme niliomsimulia, mvua walikuwa wakiipimaje?

Usiku wa kuamkia leo Jalila kalala mpaka alfajiri, hakukohoa hata mara moja. Mimi ndiye sikulala, nikiinuka kila mara kumtegea sikio kama anapumua.

Mamako